Kupiga picha za mpira kwa lenzi ndefu wakati kifundo cha mkono ni kibovu

Lenzi ndefu hugawa kazi kwa mikono miwili, na kazi zenyewe hazifanani. Mkono wa kushoto unabeba. Wa kulia unashika mwili wa kamera, unaelekeza, unabonyeza shata, kile kitufe cha kupigia, na kuzungusha vigurudumu vya kasi na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Kwa hiyo kabla hujauza wala kununua chochote, jiulize: ni mkono upi umeumia, na ni mjongeo gani hasa unaouma? Kukunja kifundo? Kugeuza kiganja kitazame juu? Kubana kidole gumba? Mwenye kifundo kibovu cha kushoto tatizo lake ni uzito. Mwenye gumba la kulia linalochoma tatizo lake ni vitufe. Ushauri wa jumla utawaumiza wote wawili.

Mimi napiga mpira, Ligi Kuu, hapa Dar es Salaam. Bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye lami iliyolowa, nikaangukia kiganja cha kulia, mfupa ukavunjika karibu kabisa na kifundo. Nikafungwa hogo, ile plasta ngumu. Lilipofunguliwa mfupa ulikuwa umeunga vizuri, ila kifundo kimekaza, hakikunji wala hakigeuki. Kamera zote za kazi hii mshiko wake uko kulia na shata iko kulia. Hakuna ya watu wa kushoto unayoweza kwenda kuichukua dukani. Nayoeleza hapa ndiyo yaliyonirudisha kando ya uwanja, kwenye viwanja vya Mkapa na Chamazi, nikiwa bado na bandeji yenye kibati.

Tuanze na hospitali, maana humu ndimo wapiga picha wenzangu wanapoharibikiwa. Ukianguka ukatua kwa kiganja, tafuta kile kishimo kilicho chini ya kidole gumba, upande wa kifundo, kinachojitokeza ukinyoosha gumba juu. Kibonyeze. Kikiuma, mwambie daktari neno kwa neno, kwa sababu chini yake kuna kimfupa kidogo ambacho ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye eksirei ya siku ya kwanza. Eksirei ikiwa safi lakini maumivu yako palepale, omba irudiwe baada ya siku kumi hadi wiki mbili. Damu hukifikia kimfupa hicho zaidi kutoka upande mmoja, hivyo huunga polepole, na kikipuuzwa kipande chake kinaweza kufa. Wengine hawakuanguka kokote, maumivu yamekuja kwa kazi. Ganzi ya gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa inayokuamsha usiku, ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo. Ukifumbata gumba ndani ya ngumi kisha ukainamisha ngumi upande wa kidole kidogo na ukasikia moto upande wa gumba, hizo ni kano zinazovuta gumba, zimevimba ndani ya ala yake. Matibabu yake hayalingani.

Na tafadhali, usimpelekee mchuaji mkono ulioanguka jana. Najua nyumbani ndilo litakalosemwa kwanza: apelekwe kwa bibi fulani akachuliwe. Mfupa wenye ufa ukichuliwa unaweza kusogea, na uliosogea huenda ukahitaji kupasuliwa na kuwekewa vyuma. Eksirei kwanza, kuchua baadaye, kama daktari ataruhusu.

Sasa uzito. Huhitaji mizani ya pekee, chupa za maji zinatosha, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Kaa kwenye kiti, kiwiko kikiwa karibu na mbavu, kifundo kimenyooka, ushike chupa ya nusu lita kwa mkono wenye jeraha, kwa utulivu, muda wa kuhesabu hadi thelathini. Haiumi? Jaribu ya lita moja. Kisha lita moja na nusu. Chupa itakayoanza kuuma ndiyo mpaka wako wa leo, na lenzi yoyote inayozidi hapo haina ruhusa ya kubebwa na mkono huo. Ukishajua mpaka, tazama vyombo. Canon ya 70-200 f/2.8 (namba za kwanza ni milimita, kadiri zinavyozidi ndivyo lenzi inavyovuta mbali; f ni tundu la mwanga, namba ndogo ni tundu pana) ya kizazi cha pili ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, yaani ile chupa kubwa ya maji, kabla hujaifunga kwenye kamera. Ya 300 f/2.8, kizazi cha pili, ni kama kilo 2.4. Ya 400 f/2.8 kizazi cha pili ni kilo 3.85, na kizazi cha tatu kilishuka hadi 2.84. Ongeza mwili wa kamera ya 1D X Mark II, kilo moja na nusu na betri yake. Na kumbuka gramu peke yake hazisemi yote. Uzito uliokaa mbele, mbali na kiganja, unakunja kifundo kuliko uzito uleule ukiwa karibu, ndiyo maana lenzi fupi nene husumbua kidogo kuliko ndefu yenye kilo sawa.

Nilichofanya mimi ni kuiacha f/2.8 kabisa. Nilichukua lenzi ya zamani ya 300 f/4, gramu 1,190, nikaifunga kwenye kamera ya 7D Mark II yenye gramu 910. Jumla kilo 2.1, dhidi ya karibu 3.9 za ule mzigo wa 300 f/2.8 na 1D X. Kihisio cha 7D ni kidogo, kinakata picha mara 1.6, kwa hiyo 300 inaona kama 480. Ukiwa kwenye kona, kuanzia langoni hadi mstari wa kati wa uwanja wa mita 105, hapo unafanya kazi safi. Zaidi ya mstari wa kati, acha. Picha za huko hata wenye 400 hawazithamini sana.

Gharama yake ni mwanga. Mechi ya saa kumi jioni huwezi kuona tofauti. Mechi ya saa moja usiku, chini ya taa, f/4 inakudai ISO mara mbili ya ile uliyozoea: ulikuwa 3200, sasa 6400, kama hutaki kushuka chini ya kasi ya 1/1000 ya sekunde. Chembe, ule ukwaruzo wa picha ya ISO kubwa, zitaonekana. Nakubali chembe. Picha yenye chembe inachapishwa, isiyopigwa haichapishwi, na hakuna mhariri aliyewahi kunirudishia picha ya goli kwa sababu ya ISO. Kama uko kwenye kamera mpya zisizo na kioo, hali ni njema zaidi. Canon RF 100-400 ina gramu 635 tu, nyepesi ajabu, ingawa ukiivuta hadi mwisho tundu lake ni f/8, kwa hiyo ni ya jua, si ya usiku.

Halafu monopodi, ule mguu mmoja wa kusimamishia kamera, ambayo kwangu ndiyo nusu ya tiba. Kazi yake hapa ni kuufanya mkono usibebe kitu chochote. Ukikuta bado unabeba, umeipanga vibaya.

Chagua yenye vibanio vya kufyatua, si ile ya kukaza kwa kuzungusha. Kukaza na kulegeza miguu ya kuzungusha ni ule mjongeo wa kukamua nguo, na hakuna kifundo kibovu kinachoupenda. Ifunge kwenye mguu wa lenzi, ule unaotoka kwenye pete, kamwe isiwe chini ya mwili wa kamera, maana huko lenzi itainama mbele na mkono wako utakuwa unaizuia kwa dakika tisini. Mguu wa lenzi ukiweza kusogezwa kwenye bamba refu, sogeza mpaka kamera na lenzi vikae sawa ukiviachia, visianguke mbele wala nyuma. Jaribu hilo nyumbani juu ya kitanda.

Urefu nao uupime nyumbani, umekaa kwenye kigoda kilekile utakachokwenda nacho. Kitundu cha kuchungulia cha kamera kije kwenye jicho bila kuinama. Monopodi ikiwa fupi utakunja kifundo kwenda juu, ikiwa ndefu utakikunja kwenda chini. Mwite mtu akutazame kwa ubavuni: mgongo wa kiganja na mkono hadi kiwiko vinatakiwa viwe mstari mmoja. Ukipata urefu huo, zungushia utepe mweusi palepale kwenye bomba. Siku ya mechi unavuta hadi kwenye utepe, unafyatua kibanio, umemaliza.

Nimesema kigoda, na sikusema kwa kupamba. Wapiga picha wa mpira tunapiga goti nyuma ya mabango ya matangazo, na kila tunapoinuka tunajisukuma chini kwa kiganja. Hapo mwili mzima unashukia kifundo kilichokunjwa hadi mwisho. Lenzi yenyewe haitendi ukatili huo. Beba kigoda kifupi au kiti cha kukunja cha wavuvi, ukae, na ukiinuka egemea paja kwa mkono mzima, ule usioumia. Ukilazimika kupiga goti, inuka kwa ngumi iliyofungwa na kifundo kilichonyooka, au shika monopodi kwa mkono mzima kama mkongojo, kamera ikiwa imetolewa.

Mikono sasa. Lenzi ikiwa juu ya monopodi, mkono wa kushoto hauna sababu ya kukaa chini yake. Uweke juu, kiganja kimelala juu ya bomba karibu na mbele, ukandamize kidogo tu. Ule mkandamizo mdogo unazuia mtikisiko vizuri, na mkono unapumzika kwa uzito wake wenyewe. Kumfuata mchezaji anayekimbia, geuza kiuno na mabega, monopodi izunguke chini. Ukigeuza kwa viganja utasikia dakika ya ishirini.

Aliyeumia kulia ana jambo la ziada, na hili ndilo lililonisaidia kuliko vyote: waya wa shata. Ni kale kawaya kenye kitufe kanakochomekwa pembeni mwa kamera, kanakotumiwa na wanaopiga mandhari ili wasiiguse. Madukani Kariakoo vipo vya bei nafuu visivyo vya kampuni ya kamera. Angalia tu kichwa chake kiingie kwenye tundu la kamera yako, kwa maana hata ndani ya kampuni moja matundu yanatofautiana. Nikakichukua kitufe nikakifunga kwa utepe juu ya monopodi, sentimita chache chini ya mguu wa lenzi, kikitazama upande wangu. Mkono wa kushoto unashika monopodi hapo, gumba la kushoto linakaa juu ya kitufe. Ukibonyeza nusu, fokasi, yaani ukali wa picha, inashika. Ukibonyeza hadi mwisho, inapiga mfululizo. Mkono wa kulia unabaki umelala juu ya kamera, unaelekeza tu, hata ukiwa ndani ya hogo. Nusu saa ya mazoezi barazani ukipiga watoto wanaocheza chandimu, gumba la kushoto linajua kazi.

Tatizo likiwa ni gumba la kulia, tazama namna unavyoshika fokasi. Wengi wetu tumeihamishia nyuma ya kamera, kwenye kitufe cha gumba, na kwa mpira ni njia nzuri. Lakini inamaanisha gumba linakandamiza karibu mechi nzima. Ingia kwenye menyu, irudishe fokasi kwenye nusu ya shata, gumba lilale. Ongeza mkanda wa mgongoni mwa kiganja, ule unaobana mkono kwenye kamera, ili vidole visilazimike kukamata. Hisia ya mwanzo ni kama umevuliwa kitu. Inaisha.

Picha za kusimama wima usizipige kwa kupindua mkono. Legeza kidogo ile skurubu ya pete ya lenzi, kamera izunguke ndani ya pete huku monopodi imesimama palepale, ukitumia mkono mzima kuisukuma. Kama kamera yako ina mshiko wa pili wa chini, uzito wake unalipa hapa, kwa kuwa kifundo kinabaki kimenyooka hata kamera ikiwa imesimama. Bila mshiko huo, piga zote za kulala ukakate baadaye.

Lenzi za kuvuta zinamsumbua aliyeumia kushoto. Kila kuvuta ni kuzungusha kifundo, na katika mechi unavuta mara zisizohesabika. Lenzi ya urefu mmoja inakuondolea hilo lote. Kama huna nyingine ila 70-200, iache kwenye 200 na uchague mahali panapoifaa, kisha ivute pale tu ambapo picha ni lazima, kwa kusogeza kiwiko na mkono wote badala ya kifundo.

Mpangilio wa kamera umalize kabla ya kipyenga. Ninaweka kasi 1/1000, tundu wazi, ISO kamera ijichagulie na mpaka wa juu niuweke mimi. Hiyo naihifadhi kwenye C1, nafasi ya mpangilio wako iliyo kwenye kitasa cha kamera. C2 ni ya sherehe za goli, kasi ndogo kidogo, fokasi pana. Kugeuza kitasa mara moja ni bora kuliko kuzungusha vigurudumu kumi, na mkono unahesabu kila mzunguko. Memori kadi iwe kubwa ya kutosha mechi nzima, ili mapumzikoni usihangaike na kifuniko kidogo kinachotaka kucha.

Kubadilisha lenzi ni kukamua kungine. Usibadilishe uwanjani kama unaweza. Ukilazimika, kaa, bana lenzi katikati ya mapaja mdomo ukitazama chini, shika kamera kwa mkono mzima, na mwingine ubonyeze kitufe cha kufungulia tu. Nguvu ya kuzungusha itoke begani. Canon na Nikon hufunguka kwa kuzungushia pande tofauti, kwa hiyo aliyeazimwa vyombo ajaribu kabla, asije akalazimisha kwa nguvu upande usiofunguka.

Mechi ina nafasi nyingi za kupumzika kuliko tunavyotumia. Mpira ukienda nusu ya mbali ya uwanja, toa mikono yote miwili. Monopodi ibane kwa mapaja, mkanda wa kamera uwe shingoni kwa usalama, nyoosha vidole, vitikise. Ukirudi mpira, rudi nao. Nachagua kona moja na kubaki hapohapo kipindi kizima, upande ambao timu ninayotakiwa kuipiga inashambulia, sizunguki uwanja nikibeba. Na nabeba kamera moja. Najua kamera ya pili yenye lenzi pana inasaidia mchezaji akija kushangilia mbele yako. Kwa mwenye jeraha, simu iliyo mfukoni inafanya kazi hiyo kwa kiasi cha kutosha.

Safari nayo huumiza, nasi huilaumu kazi. Ukisimama kwenye daladala, mkono unaoning'inia kwenye bomba njia nzima kutoka Mbagala ndio utakaouma jioni, hata kama kamera hukuigusa. Siku ya mechi panda bajaji, au tafuta kiti. Begi liwe la mgongoni, na usilirushe begani kutoka chini: liweke juu ya meza au ukuta mfupi, geuka, ingiza mikono. Kwenye zipu zote funga vitanzi vya kamba unavyoweza kuvuta kwa kidole kimoja. Mkanda wa kubebea kamera upite mwilini kwa mshazari na ufungwe kwenye mguu wa lenzi, hivyo bega linabeba na lenzi inaning'inia pembeni ya paja.

Mwambie mhariri wako. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu wengi wetu tunalipwa kwa mechi, na tunaogopa kwamba tukisema mkono unauma jina litafutwa kwenye orodha. Lakini mhariri anayejua atakupangia mechi ya Chamazi ya saa kumi badala ya mechi ya watani usiku, na atakubali picha chache zilizo nzuri. Asiyejua atadai idadi ileile, na wewe utaitoa kwa kukaza meno mpaka kifundo kigome kabisa. Mwenzako uliyekaa naye pia mwambie. Kumpa dogo nauli na chakula akubebee begi kutoka getini hadi kona si aibu.

Ukirudi nyumbani, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi hadi kumi na tano, isiguse ngozi moja kwa moja. Bandeji yenye kibati uivae kwa kadiri ulivyoelekezwa, na mazoezi ya viungo uyafanye kila siku hata yakichosha. Misuli isiyotumika huisha haraka, na kifundo kilichokaa muda mrefu ndani ya hogo kinahitaji kufundishwa upya kukunja na kugeuka kabla hakijafundishwa kubeba.

Kurudi kwenye mzigo wa zamani kufuate zile chupa. Anza kwenye mazoezi ya timu, ambako unaweza kuondoka wakati wowote, kabla ya mechi yenyewe. Piga kipindi kimoja kabla ya viwili. Kisha pima siku ya pili asubuhi, si usiku uleule, maana uvimbe hupenda kuchelewa. Ukiamka mkono uko kama ulivyokuwa kabla ya kazi, mzigo huo umekubaliwa, unaweza kuongeza nusu kilo kazi inayofuata. Ukiamka umekaza zaidi, au vidole vina ganzi, rudi chupa moja nyuma na ukae hapo mpaka asubuhi zinyooke. Ganzi isiyoondoka, au kushika kikombe kikakuponyoka, ni ya kurudi kwa daktari wiki hiyohiyo.